Mbegu ya alizeti ya GMO "isiyoliwa na funza": usitoe hela kwanza

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa Kimara, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Mimi naishi hapa Dar ila nina ekari 25 za alizeti Mkalama, Singida, anayesimamia ni mjomba. Msimu uliopita funza walitutafuna vichwa balaa. Sasa kuna jamaa Kariakoo anasema ana mbegu ya alizeti ya GMO kutoka nje, imewekewa jeni, mdudu akila tu anakufa, dawa hupulizii kabisa. Kilo moja elfu 90. Hiyo mbegu ipo kweli? Kama ipo mbona serikali haituletei? Na mafuta yake hayana shida kwa mlaji?"

Marahaba mdogo wangu. Hela usitume kwanza, tuongee. Hakuna alizeti ya GMO, yaani iliyobadilishwa vinasaba maabara, inayouzwa kwa mkulima mahali popote duniani. Si hapa, si Kenya, si Afrika Kusini, si Marekani, si China. Sisemi haijawahi kutengenezwa, ilitengenezwa maabara na ikafika mpaka kwenye mashamba ya majaribio Marekani, nitakuambia iliishia wapi, ila mbegu ya alizeti yenye jeni la kuua wadudu iliyofungwa kwenye mfuko ikawekwa dukani haijawahi kuwepo. Kwa hiyo huyo jamaa ana mbegu nyingine kabisa. Akiwa na huruma amekuwekea haibridi (chotara) ya kawaida, akiwa hana huruma ni Record, ile mbegu ya zamani ya kienyeji, iliyorudiwa kutoka shambani na kupakwa rangi nyekundu ili ionekane ya kizungu. Ile rangi kwenye mbegu ni dawa ya kulinda mbegu isiozeshwe na ukungu au kuliwa ardhini, wala haina uhusiano wowote na jeni, na rangi peke yake mtu anaweza kuipaka uani kwake.

Na hata tukisema ameipata huko anakojua yeye, bado ana kesi. Kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka kibali kabla ya kuingiza au kupanda kitu chochote cha GMO, na kibali cha mbegu ya namna hiyo kwa wakulima hakijatolewa hapa kwetu. Yaani vyovyote utakavyoligeuza, ama anakudanganya mbegu si GMO, ama anasema kweli na anavunja sheria na wewe unakuwa mwenzake.

Mwombe kitu kimoja tu uone atakavyobabaika: lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, kwenye mfuko, ile yenye namba ya kukwangua unayohakiki kwa simu. Kuna na kipimo kingine nitakueleza mbele.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini uongo wake unaingia akilini, manake nusu yake ni kweli kabisa, ila ni kweli ya mazao mengine.

Kuna bakteria anaishi kwenye udongo, kwenye majani, hata kwenye vumbi la maghala ya nafaka, anaitwa Bacillus thuringiensis, wote tunamwita Bt. Mjapani Shigetane Ishiwata alimkuta mwaka 1901 akiua viwavi wa hariri, halafu 1911 Mjerumani Ernst Berliner akamkuta kwenye viwavi wa nondo wa unga huko Thuringia, ndo jina likatokea hapo. Kufikia 1938 Wafaransa walishaanza kumuuza kama dawa ya kupulizia. Huyu bakteria anapojifungia kwenye spora zake anatengeneza pia kifuwele kidogo cha protini, na protini hizo ukoo wake unaitwa Cry. Kiwavi akila jani lenye kile kifuwele, tumbo lake la katikati ni la alkali kali, pH 9 mpaka 10 na wengine zaidi, kinayeyuka humo, vimeng'enya vya kiwavi mwenyewe vinakikatakata kinageuka sumu, ile sumu inajishikiza kwenye vipokezi vya ukuta wa utumbo na kutoboa matundu. Ndani ya masaa machache anaacha kula. Anabaki pale pale kwenye jani, amelegea, anakuwa mdogo na rangi inamfifia, kisha siku ya pili au ya tatu anakufa na kuwa mweusi. Wewe na mimi tumbo letu ni asidi na hatuna vile vipokezi, kwa hiyo protini ileile kwetu inameng'enywa kama protini nyingine.

Utaona hapo mdudu lazima ale. Na lazima awe mdudu mwenye vipokezi vya Cry hiyo uliyoweka. Cry1Ac kwa mfano ni ya viwavi wa nondo na vipepeo, ukimpa mbawakawa au inzi ni kama hujampa kitu. Shika hilo, nitalirudia manake ndo penye siri yote ya hii teknolojia, sifa zake na mapungufu yake.

Wataalamu wa Ghent, Ubelgiji, ndo walionyesha mwaka 1987 kwamba ukichukua jeni la Bt ukaliingiza kwenye mmea, wao walitumia tumbaku, mmea wenyewe unatengeneza ile protini kwenye majani yake. Namna ya kuliingiza pia wamemkopa bakteria mwingine wa udongo, Agrobacterium, ambaye kazi yake ya asili ni kupenyeza vipande vya vinasaba vyake kwenye mimea ili itoe vinundu. Wanamtoa vile vya ugonjwa, wanampa jeni lao abebe. Mwaka 1996 pamba na mahindi ya Bt yakaanza kulimwa kibiashara Marekani.

Na pamba ni zao la mafuta, watu wanasahau. Sisi tunaitazama kama nyuzi tu lakini mbegu yake inakamuliwa, mashudu yake yanalisha ng'ombe Kanda ya Ziwa nzima. Kwa hiyo ukiniuliza zao gani la mafuta limewekewa jeni la wadudu na likafika kwa mkulima mdogo wa Afrika, jibu ni pamba: Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya tisini, Burkina Faso 2008, Sudan 2012, Eswatini na Ethiopia na Nigeria walipitisha 2018, na majirani zetu Kenya wakulima walianza kupanda 2020. La pili ni soya. Soya ya Bt ilianza kulimwa Brazil msimu wa 2013/14 na hapo kuna kisa kinachokuhusu wewe moja kwa moja.

Funza anayekula vichwa vyako Mkalama kwa asilimia kubwa ni Helicoverpa armigera, tunamwita funza wa vitumba. Ndo huyohuyo wa pamba, wa nyanya, wa dengu, wa mbaazi, wa masuke ya mtama. Asili yake ni huku, Afrika, Asia, Ulaya na Australia. Mwaka 2013 akathibitishwa rasmi yuko Brazil, na wakati huo tayari alikuwa ameshachakaza soya na pamba jimbo la Bahia vibaya sana, watu wanapiga dawa na hafi manake huyu mdudu amezoea sumu nyingi za dukani. Soya yenye Cry1Ac ikaingia mashambani kipindi kilekile, na ikamshika. Kwa hiyo swali lako la kwamba jeni linaweza kumuua funza huyu, ndio, linaweza, limeshafanya hivyo kwenye mamilioni ya hekta.

Mbona sasa alizeti haikupata?

Kwanza alizeti ni mbishi maabara. Ukishaingiza jeni kwenye seli lazima ile seli ioteshwe iwe mmea mzima, soya na pamba nazo zilisumbua ila alizeti imesumbua zaidi. Hilo lakini lingetatulika kama hela ingekuwepo. Kubwa zaidi ni kwamba alizeti kwao ni Amerika ya Kaskazini, na huko ndugu zake wa porini wako kila mahali, pembezoni mwa barabara, ndani ya mashamba, wanachavushana na ya shambani kwa kupitia nyuki bila shida yoyote. Mwanaikolojia Allison Snow na wenzake wakajiuliza jeni la Bt likihamia kwa yale magugu itakuwaje, wakalihamisha wao wenyewe chini ya ulinzi wakapima. Matokeo waliyochapisha 2003: magugu yenye jeni yaliliwa kidogo na viwavi, na kwenye eneo la Nebraska yakatoa mbegu asilimia 55 zaidi ya yale yasiyo na jeni. Yaani unaweza kumtengenezea mkulima gugu lenye nguvu zaidi kuliko alilokuwa nalo. Kampuni zilizokuwa na lile jeni hazikuendelea kushirikiana na watafiti hao na mbegu yenyewe ikafia kabatini.

Hoja hiyo huku kwetu haina uzito sana, nikuambie ukweli. Lile ua la njano unaloliona limejaa kingo za barabara ukipanda Lushoto au Arusha, watu wanaita alizeti mwitu, ni Tithonia, halichavushani na alizeti yako. Huku alizeti haina ndugu wa porini wa kumwambukiza jeni, labda ile inayojiotea yenyewe baada ya mavuno.

Kinachoiua kabisa ni soko. Urusi na Ukraine peke yao wanazalisha karibu nusu ya alizeti yote duniani au zaidi ikitegemea mwaka, ongeza Umoja wa Ulaya. Urusi ilipiga marufuku kilimo cha GMO kwa sheria mwaka 2016, Ulaya wanunuzi hawataki kusikia. Sasa kuna utafiti wa kampuni za mbegu wenyewe wa mwaka 2011 uliokadiria kwamba kutoa jeni moja jipya kutoka maabara mpaka dukani ilikuwa inagharimu kama dola milioni 136 na miaka 13. Nani atatoa hela hiyo kwa zao ambalo wanunuzi wake wakubwa wameshakataa? Hakuna. Na kichekesho ni kwamba jeni la alizeti lenyewe limesafiri, kuna jeni la alizeti la kuvumilia ukame, HB4, Waargentina wameliweka kwenye soya na ngano na zinalimwa, alizeti ndo imebaki nyumbani inaangalia.

Umeuliza serikali. Serikali haiwezi kukuletea kitu ambacho hakipo sokoni, ila naelewa unachouliza ni GMO kwa ujumla. Sisi tulifika kwenye majaribio: Oktoba 2016 pale Makutupora, Dodoma, yalipandwa mahindi ya GMO ya kuvumilia ukame kwenye eneo lenye uzio na ulinzi, na baadaye yakawemo na yenye Bt. Novemba 2018 serikali ikaagiza majaribio yasimamishwe na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 wizara ikasema tena kwamba hapana. Kwa hiyo hata utafiti wa shambani wa haya mambo umelala, achilia mbali kuuza.

Mawazo yangu, na haya ni yangu si ya ofisi: kwa alizeti sioni kilio. Kwa pamba nasikitika. Mkulima wa Simiyu anapulizia pamba mara kadhaa kwa msimu, mara nyingi bila glovu wala barakoa, bomba linavuja mgongoni, na mdudu anayepambana naye ni funza yuleyule ambaye Cry1Ac inamweza. Halafu kuna nyanda za juu kusini ambako kilimo cha pamba kimezuiwa miaka mingi ili funza mwekundu, Diparopsis castanea, asivuke kwenda kanda ya magharibi na ziwa, na huyo naye ni miongoni mwa wale ambao pamba ya Bt inawaua huko Afrika Kusini. Hapo ningependa tuwe tunapima wenyewe kwenye mashamba ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Ukiriguru tukajua, badala ya kubishana kwa maneno. Kupima si kukubali. Burkina Faso walikubali mwaka 2008, funza wakapungua kweli, lakini nyuzi za ile pamba zikawa fupi kuliko pamba yao ya zamani iliyokuwa na jina sokoni, kampuni za pamba zikapata hasara na 2016 wakarudi kwenye mbegu ya kawaida. Jeni lilifanya kazi yake vizuri tu, tatizo lilikuwa kwenye ule uzao lilimowekwa. Mambo kama hayo huyajui mpaka upande kwako.

Sasa nirudi kwenye lile nililosema ushike. Hata ingekuwepo alizeti ya Bt, lile neno la jamaa wa Kariakoo la "dawa hupulizii kabisa" lingekuwa uongo. Bt ya viwavi inaua viwavi. Soya ya Brazil ina jeni na bado wakulima wanapulizia sana kwa sababu ya kunguni wa soya wanaofyonza maganda, wale hawatafuni jani, wanachoma mrija, Cry1Ac haiwahusu. China nako baada ya pamba ya Bt kuenea, dawa za funza zikapungua, na kwa sababu hiyohiyo ya dawa kupungua kunguni wa mimea waliokuwa wanakufa kwa bahati mbaya wakaongezeka, mpaka wakawa kero kwenye matunda ya jirani, utafiti huo ulitoka 2010. Siku hizi Marekani kuna pamba yenye protini ya Cry51 iliyorekebishwa inayopunguza vithiripi, wale wadudu wadogo sana, na kunguni aina ya Lygus, kwa hiyo si kwamba haiwezekani, ila kila kundi la wadudu linataka protini yake na kila protini ni safari mpya.

Chukua mazao yetu mengine ya mafuta uone. Karanga, adui mkubwa ni ugonjwa wa virusi unaoitwa rozeti, unaletwa na vidukari weusi, wale wanaofyonza, jeni la Bt la viwavi halina la kufanya hapo na wala halihitajiki, TARI Naliendele walishatoa mbegu zinazovumilia kwa kuzalisha kwa kawaida tu, zile za Mangaka, Mnanje, Naliendele za 2009. Ufuta una kiwavi anayesokota majani ya ncha kwa utando, Antigastra, huyo angefaa Bt, lakini ufuta maabara ni mgumu kuliko hata alizeti, na ufuta wa Lindi na Mtwara unanunuliwa sana na Wachina na Wajapani, ukiniuliza kama ningehatarisha soko hilo kwa ajili ya kiwavi ambaye ukipanda mapema anakupunguzia kidogo tu, nitakujibu hapana. Na alizeti yako Singida, ndege wakishuka shambani, hakuna jeni la ndege.

Kingine ambacho wauzaji hawasemi ni usugu. Shamba zima likiwa na sumu ileile msimu baada ya msimu, wachache wanaosalia ndo wanaozaliana. India walianza pamba ya Bt 2002, kufikia 2010 kampuni yenyewe ikakiri kuwa funza wa waridi, funza mwingine wa pamba, kule Gujarat hafi tena kwa Cry1Ac, na ile yenye Cry2Ab ya nyongeza iliyoingia 2006, nayo ndani ya miaka michache akaizoea. Marekani funza huyohuyo wa waridi walimfuta kabisa, wakatangaza 2018. Tofauti iko wapi? Arizona wakulima walilazimishwa kuacha sehemu ya shamba na pamba ya kawaida, tuite kimbilio, ili nondo wasio sugu wazaliwe humo wapandane na sugu wachache na watoto wao wawe bado wanakufa, na baadaye wakaongeza kuachia nondo tasa kwa ndege. India kimbilio lilikuwa kwenye karatasi, mbegu ya kimbilio iliwekwa kwenye mfuko mdogo pembeni na watu hawakuipanda. Brazil wanashauriwa asilimia 20 ya soya iwe ya kawaida, wengi hawafanyi, na kuanzia msimu wa 2020/21 kuna kiwavi anaitwa Rachiplusia nu ameanza kuonekana akila soya ya Bt bila wasiwasi. Sasa jiulize mjomba Mkalama na ekari zake 25, jirani ana tatu, mwingine mbili, nani ataacha kimbilio na nani atamkagua. Ingawa kwa funza wa vitumba tuna nafuu moja, anakula mazao mengi, kwa hiyo mtama na dengu na mbaazi za majirani zingekuwa kimbilio zenyewe.

Kuhusu mafuta na mlaji hapa sitakaa sana. Jeni na protini yake haviyeyuki kwenye mafuta, mafuta yaliyosafishwa kiwandani hayana protini ya kusema. Yale ya kukamua kwa mashine ndogo yenye mashapo yanaweza kuwa na chembe, na mashudu ndo yana protini yenyewe. Cry1Ac imeliwa na watu na mifugo kwenye mazao ya pamba tangu miaka ya tisini na kwenye soya tangu ilipoingia Brazil, na sijaona ushahidi wa kunitisha kwa upande wa ulaji. Mawese tunayoagiza kutoka Malaysia na Indonesia, ambayo ndo mafuta mengi unayopimiwa mtaani hapa Dar, si ya GMO, hakuna mchikichi wa GMO unaolimwa kibiashara. Na pamba ya kawaida kabisa, ile ya bibi zetu, ina sumu yake ya asili ya kujilinda na wadudu, gosipoli, inabidi iondolewe kiwandani ndo mafuta yaliwe. Texas yuko profesa Keerti Rathore yeye alitumia uhandisi jeni kwa kinyume chake, akaizima gosipoli ndani ya mbegu tu na kuiacha kwenye majani iendelee kupigana na wadudu, Marekani waliiruhusu kulimwa 2018. Watu wengi wakisikia GMO wanawaza kuongeza sumu, hii ilitoa sumu.

Nyuki pia najua utauliza manake mjomba hatakosa mizinga. Mwaka 2008 walikusanya tafiti 25 za protini za Bt kwa nyuki wa asali, hazikuonyesha kuwaua. Ukilinganisha na zile dawa za maji mnazopulizia saa nne asubuhi alizeti ikiwa imechanua, hapo ndo nyuki wanakufa, na nyuki wakifa vichwa vinajaa mapepe, mkulima analaumu mbegu.

Kile kipimo nilichosema: kuna vijikaratasi vya kupima Cry1Ac, vinatumika kwenye pamba na soya. Unasaga mbegu au kipande cha jani kwenye kichupa, unaweka maji kidogo, unachovya karatasi, baada ya dakika chache mstari mmoja maana yake hakuna, miwili ipo. Mwambie huyo bwana akutajie ni protini gani imo kwenye mbegu yake, aandike kwenye risiti, na mpime mbele yake. Nakuhakikishia ghafla mzigo utakuwa umeisha.

Sasa shamba. Kwanza tuhakikishe ni funza. Msimu ukifika mjomba ageuze vichwa aangalie nyuma, funza wa vitumba anatoboa matundu mgongoni mwa kichwa na kwenye yale majani madogo yanayokizunguka, utaona na kinyesi chake chenye unyevu, na mara nyingi mvua ikinyesha pale kwenye tundu kichwa kinaanza kuoza kuanzia hapo, huo uozo ndo unakula mavuno kuliko funza mwenyewe. Kama mbegu zimetobolewa kutoka mbele na maganda yametapakaa chini, huyo ni ndege. Kama katikati ya kichwa ni mapepe na hamna tundu, hiyo ni uchavushaji au ukame, usinunue dawa.

Akiwa funza, wakati wa kumpata ni kichwa kikiwa bado kitumba, kabla hakijafunguka, na yeye akiwa mdogo chini ya milimita 7. Akishaingia ndani ya kichwa hata ulete nini umechelewa. Na dawa ya kutumia kwanza ni Bt yenyewe, ile ya unga wa kuchanganya na maji, ipo kwenye maduka ya pembejeo, angalia tu iwe na usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na haijapita tarehe. Jeni la Kariakoo la elfu 90 kwa kilo, bakteria wake yupo kwenye pakiti kwa bei ya kueleweka. Ipulizwe jioni kuanzia saa kumi na moja, kwa sababu jua linaiharibu ndani ya siku chache na kwa sababu ni lazima funza aile, usiku ndo anakula zaidi. Mjomba asitegemee kuona wanadondoka papo hapo kama kwa dawa kali, wataacha kula kwanza. Arudie baada ya siku tano mpaka saba kama anaona mayai mapya au vidogo vingine.

Mbegu nunua haibridi iliyosajiliwa au Record iliyothibitishwa, na ukinunua haibridi usirudie mbegu yake mwaka wa pili. Mpande kwa wakati mmoja na majirani mkiweza, shamba linalochelewa peke yake ndo linapokea nondo wote wa kijiji.

Mwezi wa pili mwishoni vitumba vikianza kutokea, mwambie mjomba akague mistari mitano tofauti, mimea ishirini kila mstari, aandike ni mingapi ina funza, halafu unitumie hiyo hesabu pamoja na picha za mgongo wa kichwa, za mbele sizihitaji.